Karatasi ya nauli si idhini: barua ya wazi kwa mnaotia saini leseni za madini

Magarini, kaskazini ya Malindi
4 Agosti 2025

Kwa Waheshimiwa mnaopokea, mnaopitia na mnaotia saini maombi ya leseni za madini, Nairobi na Kilifi

MINTARAFU: ARDHI YETU KUCHIMBWA KWA JINA LA NISHATI SAFI

Waheshimiwa,

Asalamu aleikum kwa wanaoitikia hiyo, Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hii, na kwa wazee wetu wa kaya, watunza misitu yetu mitakatifu ya jadi, ambao hawana haja na yoyote kati ya hizo mbili, shikamooni.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliiandika tarehe 17 Februari, kwa mkono, kwa utaratibu niliofundisha darasani miaka thelathini na miwili: anwani mbili, mintarafu, wako mwaminifu. Ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili, 22 Aprili, niliambiwa faili liko juu. Ya tatu, 9 Juni, karani wa mapokezi, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu hata kidogo, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwani hawajakupigia?" Hawajanipigia. Nakala zote tatu ninazo na mihuri yake, zimo kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua yangu ya kustaafu. Hii ya nne nimeamua isomwe na kila mtu.

Kampuni inayohusika sitaitaja, wala ofisi iliyolala na barua zangu. Mnaijua, faili liko mezani kwenu. Nikianza na majina, tutaishia kubishana nani kamkosea nani adabu, na mashimo yabaki pale pale.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Januari waliingia vijana watano na gari jeupe, kekee ndefu ya kutoboa mchanga na ndoo ya rangi nyekundu. Walipiga bikoni, yaani alama za mipaka, wakapaka alama kwenye minazi, wakatoboa mashimo toka ukingo wa barabara hadi nyuma ya madrasa, na mchanga uliotoka wakautia kwenye vifuko vyenye namba. Tulipouliza, tukaambiwa wanatafuta madini ya nishati ya kijani. Dunia inaacha mafuta na makaa ya mawe, wakasema, na mchanga wetu utasaidia kuiponya. Wiki mbili baadaye tukaitwa barazani chini ya mwembe. Tukanywa soda. Kila mtu akapewa shilingi 500 ya nauli, na kwa kuwa fedha ya ofisi haitoki bila hesabu, tukatakiwa kuandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Wasiojua kuandika wakatia kidole gumba.

Mwezi wa Mei, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anafanya kazi kwa mawakili mjini Malindi alinionyesha nakala ya kiambatisho kimoja cha maombi ya leseni. Kichwa chake kilisema ni orodha ya wakazi waliokubali mradi. Nikavaa miwani. Ilikuwa karatasi ile ile ya nauli. Jina langu limo mara mbili, na mara ya pili limeandikwa kwa tahajia ambayo mtoto wa darasa la tatu ningemkata alama.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Idhini yetu haijatolewa.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 haikuliacha jambo hili kwa wema wa mtu. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, haki ya kutafuta au kuchimba madini inahitaji ridhaa ya mwenye ardhi. Kwenye ardhi ya jamii, inahitaji ridhaa ya jamii. Na ridhaa hatukufunzwa na sheria hiyo. Hapa kwetu hata mtu akinunua minazi mitatu huita mashahidi, akaeleza bei, akaeleza mipaka, akamsubiri muuzaji akazungumze na nyumba yake, na muuzaji akirudi kesho yake akasema hauzi, hakuna ugomvi.

Chini ya mwembe hakuna aliyetuuliza kitu. Tulielezwa kwa dakika arobaini, nusu yake kwa Kiingereza, tukaonyeshwa picha za mitambo ya upepo iliyosimama baharini huko Ulaya, kisha tukaambiwa waliotoka mbali watangulie kuchukua nauli. Bibi aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alidhani anajiandikisha kupata mbegu za mahindi. Kidole gumba chake sasa kimo kwenye faili lenu, kimeidhinisha shamba lake lichimbwe.

Wenzetu wa Lamu wamelipitia hili. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, mradi wa megawati 1,050 uliokuwa na wakubwa nyuma yake na wafadhili wa ng'ambo. Moja ya sababu zilizouangusha ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ule ulikuwa wa makaa, mtasema, na huu wetu ni wa kijani. Kosa la kutomuuliza mwenyeji halina rangi.

2. Wengi wetu hatuna hati, na upungufu huo unatumiwa dhidi yetu.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yanapoharibikia.

Magarini mtu anaweza kulima shamba alikozikwa babu wa babu yake na bado kwenye karatasi za serikali akaitwa skwota. Sheria inapotaka ridhaa ya mwenye ardhi, kampuni hutafuta jina lililo kwenye rejista, na jina hilo mara nyingi si la anayelima. Liko Mombasa, liko Nairobi, au halipo kabisa na ardhi inaitwa ya serikali. Basi anaombwa ridhaa asiyekuwepo, na aliyepo anapewa soda.

Si mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuja hapa mradi wa makazi wa Magarini uliofadhiliwa na Serikali ya Australia. Wazee wanakumbuka mashine za kufyeka msitu na ramani za vipande. Wafadhili wakajitoa miaka ya themanini ikielekea ukingoni, msitu ukiwa haupo, maji yakiwa bado ni shida, na suala la nani mwenye ardhi likiwa halijakwisha. Halafu kuna chumvi. Kuanzia Gongoni hadi Marereni, ukanda wa pwani tuliokuwa tukivulia na kukata boriti umegeuzwa madimbwi ya kukausha maji ya bahari. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja kusikiliza malalamiko ya watu wa Magarini kuhusu kampuni za chumvi, na mwaka 2006 ikatoa ripoti. Imo habari ya watu kuondolewa kwenye ardhi, imo ya mazingira, imo ya maji. Ripoti hiyo iko kwenye kabati za ofisi zenu. Kabla ya kutia saini jingine lolote linalohusu Magarini, naomba itolewe, ipanguswe vumbi, isomwe.

Malindi ina mnara wa Vasco da Gama aliyetia nanga hapa mwaka 1498, na watalii hupiga picha pale kila siku. Sisi tulijua zamani kwamba mgeni akiweka jiwe lake chini, jiwe hubaki. Ndiyo maana bikoni zenu zinatunyima usingizi.

Kwa hiyo madai yetu kuhusu ardhi hayahusu fidia. Fidia huja baadaye, ikija. Tunachosema ni kwamba mtu asiulizwe kuhusu mchanga ulio chini yake kabla hajatambuliwa juu yake. Tutambuliwe kwanza kwenye karatasi, kisha ndipo tuje kuulizwa.

3. Hatujaambiwa kwa ukweli ni nini kinachochimbwa.

Nilistaafu nikiwa mwalimu wa Kiswahili, lakini miaka sita nilifundisha pia sayansi kwa kuwa shule ilikuwa haina mwalimu, na tabia ya kusoma haikustaafu. Habari za mchanga wetu si siri. Miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin ya Kanada ilipima pwani hii na kutaja maeneo manne yenye mchanga mzito: Kwale, Vipingo, Sokoke na Mambrui. Mchanga huo una ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Ukiushika ufukweni baada ya wimbi kurudi, utaona michirizi myeusi. Watoto wetu huichezea kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu.

Sasa, ilmenaiti na rutaili hutumika kwa nini? Hutoa titaniamu, ndiyo, na chuma cha titaniamu ni kizuri kwa ndege na mitambo. Lakini karibu asilimia 90 ya madini ya titaniamu duniani haiwi chuma. Hugeuzwa unga mweupe wa kutia rangi ya ukuta, plastiki, karatasi na hata dawa ya meno. Zirkoni nayo kazi yake kubwa ni vigae na vyombo vya kauri. Sina ubaya na vigae. Ila mtu akija kwangu na picha ya mtambo wa upepo kuniomba nipishe shamba, kumbe mchanga wangu unakwenda kupaka ukuta rangi nyeupe, huyo amenidanganya hata kama hakusema uongo hata mmoja.

Au labda wanayemtafuta ni monazaiti. Mchanga wa aina hii mara nyingi huwa na chembe zake, na ndani ya monazaiti mna madini adimu kama neodimiamu, ambayo kweli hutengenezewa sumaku za mitambo ya upepo na za magari ya umeme. Ikiwa ndivyo, basi picha ilikuwa ya haki, lakini kuna nusu ya habari iliyobakizwa garini. Monazaiti hubeba pia thoriamu, na thoriamu ina mnururisho, yaani mionzi. Ikiwa imetawanyika mchangani haina tabu kubwa. Ikikusanywa, ikakaushwa na kurundikwa, inataka ghala maalumu, vipimo na watu waliofunzwa. Je, kuna ghala kwenye maombi yale? Mabaki yatarudishwa shimoni, au yatapelekwa wapi? Barazani niliuliza swali hili. Nikajibiwa kwamba ni la kitaalamu.

Moja kati ya mawili, Waheshimiwa. Ama mchanga huu ni wa rangi ya ukuta, na neno kijani liondolewe kwenye kila karatasi, ama ni wa sumaku, na tuelezwe thoriamu.

4. Maji.

Mchanga mzito hutenganishwa kwa maji. Tope hupitishwa kwenye mifereji ya kuzunguka kama konokono, vizito vikaenda ndani na vyepesi nje, kisha ndipo sumaku na umeme hufanya kazi yake. Kwa ajili hiyo mgodi wa Kwale, uliochimba mchanga wa aina hii, ulijengewa bwawa zima, la Mukurumudzi. Sisi mto wetu ni Sabaki. Visima vya Baricho kando ya mto huo ndivyo vinavyonywesha Malindi, Kilifi na hata Mombasa, na hata hivyo mifereji yetu hukauka wiki nzima. Mgodi utakunywa wapi?

Ukichimba visima virefu ukavuta kwa pampu karibu na bahari, maji ya chumvi huingia chini kwa chini kujaza nafasi. Hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Muulizeni mama yeyote wa Gongoni chai yake ina ladha gani.

5. Fedha, na nani atafukia.

Sheria ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, hivi: asilimia 70 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 10 jamii ya mahali panapochimbwa. Juu ya hapo, mwenye mgodi mkubwa anatakiwa kuwekeana mkataba na jamii na kutoa si chini ya asilimia 1 ya mapato ghafi kila mwaka. Kwenye karatasi ni nzuri. Mgodi wa Kwale ulianza kuchimba mwisho wa mwaka 2013 na ukafunga Desemba 2024. Ni miaka kumi na moja tu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo asilimia 10 ya wenyeji ilibaki kuwa kifungu cha sheria kinachosomwa kwenye semina.

Miaka kumi na moja ni umri wa mnazi ulioanza kuzaa juzi. Mkanju, yaani mkorosho, unaishi zaidi ya hapo. Tunaambiwa tubadilishe vitu vinavyolisha wajukuu kwa kitu kitakachokwisha kabla mtoto aliye tumboni leo hajamaliza shule ya msingi.

Na soko lenyewe halina subira. Bei ya lithi, madini ya kutengenezea betri, ilipaa hadi mwisho wa 2022, kisha ikaporomoka kwa zaidi ya robo tatu ndani ya muda mfupi. Migodi kadhaa ya nikeli huko Australia ilifungwa mwaka 2024 kwa sababu Indonesia imejaza soko. Betri nyingi za magari ya bei nafuu leo hazina kobalti wala nikeli, zinatumia chuma na fosfeti. Leo madini fulani ni uhai wa dunia, keshokutwa bei imeanguka, mwekezaji amefunga geti na shimo ni letu. Ndiyo sababu tunataka fedha za kufukia ziwekwe benki kabla kijiko cha kwanza hakijazama, zisisubiri faida.

Nitasema hili pembeni, kwani si langu kuwafunza uchumi. Indonesia ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi mwanzoni mwa 2020. Zimbabwe ikafanya hivyo kwa lithi ghafi Desemba 2022. Congo ya Kinshasa inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na watu wa Kolwezi, mji wa migodi hiyo, bado ni maskini. Mchanga wa Kwale ulipakiwa melini Likoni ukiwa mchanga. Kama wetu nao utapakiwa hivyo hivyo, semeni mapema tujue tunazungumzia vibarua na madereva wa malori, tusiahidiwe viwanda.

6. Mashimo ya Januari bado yako wazi.

Mbuzi wawili wameingia. Wa tatu alitolewa na vijana waliokuwa wakitoka kucheza mpira. Yuko mtoto wa miaka minne nyumba ya jirani, na mama yake ameyafunika mawili kwa mabati aliyoyatoa kwenye banda lake la kuku. Hili halihitaji kamati.

Sasa, Waheshimiwa, najua mtakavyojibu, maana nimeyasikia barazani na kwenye redio.

Mtasema huu ni utafiti tu, hakuna mgodi. Lakini utafiti ndio uliopiga bikoni, na orodha ya nauli imeambatishwa kwenye utafiti huo huo. Mjukuu wangu alifungua ramani ya leseni kwenye simu yake, tukaona mraba umefunika msikiti, shule ya msingi na visima vitatu. Utafiti wa namna hiyo una mipaka mikubwa kuliko kijiji.

Mtasema madini ni mali ya taifa. Kweli, Katiba imesema hivyo. Imesema pia kwamba yanashikiliwa kwa niaba ya wananchi, na kwa Kiswahili cha huku kitu unachomshikia mtu huitwa amana. Mwenye amana huulizwa. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka siku 21 za kujibu ombi. Barua yangu ya kwanza imekaa siku 168.

Mtasema dunia inaungua na sisi tunazuia dawa. Hili limeniuma kuliko yote, kwa sababu hakuna anayelijua jua hili kuliko sisi. Tumeona misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, tukauza ng'ombe kwa bei ya ngozi. Kisha mwaka 2023 Sabaki ikafurika ikabeba mahindi. Langobaya, hapa hapa kwetu, kuna kituo cha umeme wa jua kilichoanza kuzalisha Desemba 2021, na sijasikia mtu akikilaani. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya tayari unatokana na mvuke wa chini ya ardhi kama wa Olkaria, maji, upepo na jua. Nchi yetu ilishafanya sehemu yake. Mchanga huu ni wa kusaidia mpito wa wengine, na hatukatai kuwasaidia, ila msaada hauombwi kwa karatasi ya nauli.

Mtasema ajira. Vijana wetu wanaitaka, sitasema uongo, na baadhi yao hawafurahii barua hii. Mwanangu mwenyewe anaendesha tuktuk mjini na aliniambia, "Baba, waache wachimbe, angalau nitapata kazi ya lori." Nilimjibu aulize kwanza lori la miaka mingapi. Tukanyamaza. Hili sijalimaliza naye.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, ile orodha iondolewe kwenye faili, na maombi yale yasimame hadi hapo litakapofanyika baraza halali. Notisi itoke siku thelathini kabla, ibandikwe msikitini, kanisani na sokoni, kwa Kiswahili na Kigiriama. Wanawake na wasio na hati wahesabiwe sawa na wengine. Anayesema hataki aandikwe hataki. Nauli, ikiwa ni lazima, itolewe kwenye karatasi nyingine na siku nyingine.

Pili, ndani ya siku 21 tupewe ramani ya eneo lote, majina ya madini yote yaliyoombewa, pamoja na yale yatakayotoka bila kuombewa, majina ya watu wenye kampuni hiyo hasa, na matokeo ya vile vifuko vya mchanga vilivyotoka mashambani mwetu. Mchanga ni wetu hata kama madini si yetu peke yetu.

Tatu, upimaji na usajili wa ardhi ya vijiji vilivyomo kwenye mraba ule umalizike kabla ya leseni yoyote kutolewa.

Nne, maji ya visima yapimwe sasa, kabla ya kazi yoyote, chumvi na mnururisho, na mpimaji asilipwe moja kwa moja na kampuni. Matokeo yabandikwe ukutani kwa chifu, yasitumwe kwa barua pepe.

Tano, mashimo yafukiwe wiki hii.

Siku 21 zikipita bila jibu, tutakwenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Malindi, nasi karatasi tunazo. Lakini ningependelea mje. Mwembe upo, viti tutaazima shuleni, na safari hii soda tutanunua sisi. Mkitua, muulizeni dereva yeyote wa tuktuk awalete kwa mwalimu mzee mwenye bahasha ya kaki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mkulima wa minazi na mikanju, kwa niaba ya nyumba 143 zilizotia sahihi ukurasa wa pili. Ukurasa huo kichwa chake kimeandikwa kwa Kiswahili na Kigiriama, na kila aliyetia sahihi alisomewa kwanza.

Nakala: chifu, wazee wa kaya, imamu na mchungaji, mwenye banda la kuku lisilo na mabati.